Uzibaji Mwanga

Uzibaji mwanga ni kazi ya kufunga nyufa, matundu na maungio yote ya chombo ili mwanga wa nje usiingie ndani. Chombo kilichozibwa sawasawa husemwa kuwa hakivuji mwanga. Sifa hiyo isichanganywe na kutopenyeza mwanga, ambayo ni sifa ya kitu kilichotumika kuundia. Ubao wa mninga haupenyezi mwanga hata kidogo, lakini sanduku la mninga laweza kuvuja kila pembe. Kitenzi kuziba kinafaa zaidi ya kuzuia, kwa kuwa hata pazia jepesi huzuia mwanga kwa kiasi fulani, ilhali fundi anayeambiwa azibe paa anaelewa kwamba lisibaki hata tundu moja.

Katika sanduku la kukuzia mimea, kazi hii inahusu urefu wa usiku. Kwa mfano, kijiji cha Rungwa, kwenye barabara ya Itigi kwenda Mbeya kandokando ya Pori la Akiba la Rungwa, kiko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la kukuzia mche lipo tele. Kinachokosekana ni tofauti kubwa ya majira. Mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, hufikia kama saa 12 na nusu, na ule mfupi wa Juni haupungui sana chini ya saa 11 na dakika 40. Anayetaka kujua kama mtama wa asili, soya au mbaazi hungoja usiku mrefu ndipo itoe maua hana budi kuutengeneza usiku huo mwenyewe, ndani ya sanduku.

Njia hiyo ilitumiwa mwaka 1918 huko Arlington, Virginia. W. W. Garner na H. A. Allard wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliingiza soya na tumbaku ya aina ya Maryland Mammoth katika kibanda cha giza kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 3 asubuhi, siku baada ya siku. Tumbaku iliyobaki shambani iliendelea kurefuka na kutoa majani. Ile ya kibandani ikatoa maua. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1920. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha kwamba kinachopimwa na mmea ni urefu wa giza lisilokatizwa: mwanga mfupi katikati ya usiku ulitosha kuufuta usiku mzima. Kinachouhisi mwanga huo ni fitokromu, rangi iliyomo kwenye majani, ambayo husisimuliwa zaidi na mwanga mwekundu. Nchini Uganda, wakulima wa vipandikizi vya krisanthemamu hutumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi, wakiwasha taa usiku ili mimea mama isichanue.

Kwa hiyo tundu dogo si jambo dogo, na hesabu yake ni rahisi. Jua kali hutoa takriban luksi 100,000. Tundu la msumari lenye kipenyo cha milimita 3, likielekea jua, hupitisha kama lumeni 0.7. Mwanga huo ukisambaa juu ya mita moja ya mraba ya majani huwa luksi 0.7, mara mbili au zaidi ya mbalamwezi ya mwezi mpevu. Mimea hutofautiana kwa usikivu, lakini matundu kumi ya namna hiyo yanatosha kuharibu jaribio.

Mahali pa kuangaliwa kwanza ni mlango. Mlango unaogusana tu na fremu huvuja hata ukikazwa kwa komeo. Unahitaji mdomo unaoilalia fremu kwa sentimita 3 au 4, na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliobandikwa pande zote nne. Maungio ya plaiwudi huzibwa kwa mchanganyiko wa gundi ya mbao na unga wa msumeno, kisha hupakwa rangi. Nailoni nyeusi nyembamba haiaminiki: ikiinuliwa juani huonyesha wekundu hafifu, na wekundu ndio hasa unaosumbua fitokromu. Ikiwa hakuna nyingine, ikunjwe mara mbili.

Hewa nayo lazima ipite, maana sanduku lililofungwa kabisa huchemka kabla ya jua kutua. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hewa hupinda. Bomba lenye viwiko viwili, lililopakwa ndani rangi nyeusi isiyong'aa, huruhusu hewa na kumeza karibu mwanga wote. Liwekwe moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, ili hewa moto ipande yenyewe. Kuta za ndani, kinyume chake, hupakwa nyeupe ikiwa sanduku lina taa yake, ili mwanga wa taa usipotee.

Kupima ni kazi ya usiku. Tochi ya simu huwashwa ndani, mlango hufungwa, na mtu huzunguka nje baada ya macho kuzoea giza, akitia alama ya chaki kila penye mwale. Kipimo hiki kirudiwe mwisho wa kiangazi, kwa kuwa mbao ambazo hazikukauka vizuri husinyaa katika miezi isiyo na mvua, na maungio yaliyozibwa mwezi Aprili hufunguka upya ifikapo Oktoba.