Unga gani?

Mwambie muuza duka wa mtaa wa Kondele, "Nipe unga," naye atanyoosha mkono kwenye pakiti ya mahindi bila kuuliza. Ukitaka wa chapati, utasema "ngano". Kwa wengi wetu hilo linatosha. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki halitoshi hata kidogo: gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huufanya mwili wake uushambulie utumbo wake mwenyewe. Tiba ni kuiepuka maisha yote.

Wimbi, mtama, mahindi na mihogo havina gluteni. Ugali wa mtama, ule Wajaluo wanaouita kuon bel, ni chakula halali kwa mwenye seliaki. Tabu huanzia kwenye mashine ya kusaga. Majuzi nilisimama kwenye mojawapo, vumbi limetanda hadi nyusi za msagaji, mama mmoja akisubiri na debe lake la wimbi.

"Mama, aliyetangulia amesaga nini?"

"Mchanganyiko wa uji, mwanangu. Ulikuwa na ngano."

Kinu kilekile. Kanuni za kimataifa za chakula za Codex zinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisiwe na zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo, kwa hiyo hata vumbi lile linaweza kuharibu debe zima.

Na kwa kuwa mchanganyiko kama ule unaweza kuficha ngano, "unga wa uji", maneno makubwa mbele ya pakiti, yananikera. Huo si unga mmoja. Nyinyi mnaoupakia, andikeni kila nafaka, na ngano itajwe hapo hapo mbele, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani.