Jicho la Msomaji: Kutoka Paris hadi Ziwa Mweru

Upimaji wa mwendo wa macho ni wa zamani kuliko kompyuta. Mnamo mwaka 1879 Émile Javal, tabibu wa macho mjini Paris, alieleza kwamba jicho la msomaji haliserereki juu ya mstari, bali huruka, hutua, kisha huruka tena. Takriban miaka 20 baadaye Mmarekani Edmund Huey alibandika kikombe kidogo cha plasta chenye tundu juu ya jicho lililotiwa ganzi. Kijiti cha alumini kilichoungwa nacho kikachora miruko hiyo kwenye karatasi yenye masizi. (Sijui nani kati yetu angejitolea!) Mwaka 1901 Dodge na Cline walipiga picha ya mwanga unaoakisiwa na jicho, na adha hiyo ikapungua. Mwaka 1947 Paul Fitts na wenzake wakapima macho ya marubani wanaotua, ili vipimo vya ndege vipangwe panapofaa.

Zamu ya tovuti ilifuata. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, baada ya kuwapima wasomaji 232, alitangaza kwamba macho hupita ukurasa kwa umbo la herufi F: mstari wa juu, mwingine mfupi chini yake, kisha ukingo wa kushoto. Ushauri wake: neno zito litangulie.

Ushauri huo ni mzuri, lakini Kiswahili kina mwanzo wa namna yake. Tuchukue wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuko wa Mweru. Serikali ya Zambia huandika Kiingereza. Nyumbani ni Kibemba. Na Kiswahili huvuka ziwa kutoka Kongo. Marufuku ya uvuvi huanza Desemba, na asiyeelewa tangazo huenda akapoteza nyavu zake. Tangazo likianza "Hawataruhusiwa kuvua", jicho linalopita ukingoni hukuta viambishi vitatu, herufi sita, kabla ya mzizi. Na kuvua kwenyewe bado. "Uvuvi marufuku" humfikisha mara moja. Kibemba nacho hutanguliza viambishi: kusoma ni "ukubelenga".

Hatusemi viambishi ni mzigo. "Ha-" peke yake imekwisha kukanusha. Tunachodai ni kwamba kanuni za kurasa zetu zipimwe kwa macho ya wasomaji wa Kibantu. Wanafunzi wetu wanaweza kuanza bila mitambo: matangazo mawili, saa ya mkononi, na maswali matatu kwa msomaji.