Msikiti Mkuu wa Kilwa na Chokaa Yake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawaletea ndugu zangu Waislamu wa Port Bell habari ya msikiti ulio mbali nasi kwa njia, lakini u karibu nasi kwa nasaba. Dini iliyofika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili mwaka 1844 ililetwa na watu waliotoka pwani, na katika athari kubwa za pwani hiyo ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Upande wake wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11 au ya 12. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, aliuongeza upande wa kusini kwa makuba na matao. Baadaye sehemu hiyo ilianguka, ikajengwa tena katika karne ya 15.

Mawe yake ni matumbawe, na kilichoyashika ni chokaa ya matumbawe yayo hayo. Wazee walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu, wakatia moto. Kisha wakaizima chokaa kwa maji na kuiacha ikae sana kabla ya kuitumia. Jiwe hili lina vitundu kama sega la nyuki: huvuta unyevu na kuutoa, na chokaa hupumua pamoja nalo. Saruji haipumui. Hufungia unyevu ndani, chumvi ya bahari ikaganda nyuma yake, na jiwe likamumunyuka hali uso wa ukuta ungali mzuri.

UNESCO iliyatia magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mawimbi, mvua na mizizi vikayala hata mwaka 2004 yakaandikwa kuwa hatarini. Mafundi wakayashika, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo.

Nami nakiri kosa langu. Ukuta wa chuo chetu, wa matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, ulipoanza kuchubuka, ni mimi niliyeamuru upakwe saruji. Wazee wawili walinikataza. Nikawaona hawajui mambo ya kisasa. Baada ya masika machache, ukibonyeza kidole nyuma ya lipu hutoka unga mwekundu. Sasa tumekwisha kuibambua nusu, na chokaa imeagizwa Tororo. Nusu iliyobaki yahitaji mikono, na wale wazee wawili ndio watakaosimamia.