Mimea ya chupa: mbegu safi inaweza kuanzia darasani au nyumbani Bigo

Katika kartie Bigo, kama sehemu nyingi za Bunia na Ituri yote, mbegu inatoka kwa jirani. Mtu anaomba chipukizi la mgomba, fito za mihogo ao viazi vya kupanda, anapewa, anarudi nyumbani na furaha. Lakini mwenye kutoa mbegu anaweza kutoa na ugonjwa pamoja, bila yeye kujua.

Mwaka 2001, ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulitambuliwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, na mwaka huohuo Mukono, Uganda. Toka hapo umeenea sana mashariki mwa Congo. Unasafiri na wadudu, na panga lenye limekata mgomba mgonjwa, na machipukizi yenye watu wanapeana. Mihogo nayo ina virusi ya batobato, yenye inasafiri ndani ya fito. Ndiyo maana ufundi wa kuzalisha mimea ndani ya chupa ni jambo la kujua.

Ni kitu gani?

Ni kuchukua kipande kidogo cha mmea, kukisafisha, na kukikuza ndani ya chupa yenye chakula cha mmea na isiyo na mikrobi hata moja. Kipande hicho kinaota mizizi na majani, kisha kinakatwa tena. Kama mche mmoja unatoa vipande 5 kila mwezi, miezi 4 inaleta miche 625, bila udongo na bila kungoja musimu.

Wazo lilitolewa na Gottlieb Haberlandt mwaka 1902. Mwaka 1952, Wafaransa Morel na Martin walipata maua ya dalia yasiyo na virusi kwa kukuza ncha ndogo kabisa ya mmea. Mwaka 1962, Murashige na Skoog wakatangaza chakula cha mmea ambacho kinatumika hadi leo, kinachoitwa MS. Kenya ilianza kupeleka migomba ya tishu kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1990.

Kuanza na mmea gani?

Si mgomba. Mgomba unaomba homoni za kununua na mkono wenye uzoefu. Kwa mwanafunzi, bora viazi vya kizungu ao viazi vitamu: kipande cha shina chenye jicho moja kinaota bila homoni. Tena hali ya hewa ya Bunia inafaa. Chumba cha kawaida chenye dirisha, bila jua kupiga chupa moja kwa moja, kinatosha.

Vifaa

Bokali za kioo zenye vifuniko, sufuria ya presha, javeli, alkoli ya asilimia 70 kutoka farmasi, wembe, kibano, na sanduku la plastiki lenye kupitisha mwangaza, lililotobolewa matundu mawili ya kuingiza mikono. Sanduku hilo linazuia upepo, kwa sababu mikrobi zinaanguka na vumbi.

Kwa lita 1 ya chakula: chumvi za MS kwa kipimo cha pakiti, sukari gramu 30, na agari gramu 7 hadi 8 ya kugandisha. Uchachu upimwe kwa karatasi ya pH, uwe karibu 5,7. Chumvi za MS haziuzwi kwenye maduka ya kawaida. Masomo kadhaa yanaweza kuchanga na kuagiza pakiti moja. Kama agari imekosekana, chakula kinabaki maji, na kipande kinakalishwa juu ya pamba.

Hatua za kazi

Kwanza, kuua mikrobi. Bunia iko zaidi ya mita 1 200 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Kuchemsha mara moja tu hakuui mbegu za bakteria. Sufuria ya presha inafikisha karibu nyuzi 121. Bokali zenye chakula na nyingine zenye maji matupu ziachwe humo dakika 25 hadi 30 toka mvuke uanze kutoka, vifuniko vikiwa havijakazwa. Usifungue kabla presha haijaisha. Asiye na sufuria hiyo achemshe dakika 30, siku 3 mfululizo: mbegu zilizobaki zinaamka siku ya kwanza, zinakufa siku ya pili na ya tatu.

Pili, kusafisha mmea. Vipande vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 10 hadi 15 ndani ya javeli. Kama chupa ya javeli imeandikwa asilimia 5, changanya sehemu 1 na maji sehemu 4. Javeli isichanganywe na siki ao asidi yoyote. Inatoa hewa ya sumu. Mwishoni, ndani ya sanduku, suuza mara 3 kwa yale maji ya bokali.

Tatu, kupanda. Mikono na sanduku vipanguswe kwa alkoli, na moto ukae mbali kabisa. Kata sehemu zilizochomwa na javeli, ingiza kipande, funga haraka.

Kisha kungoja. Ukungu wenye manyoya unaonekana baada ya siku 3 hadi 7. Bakteria zinaonekana kama ute. Chupa hiyo isifunguliwe darasani: ichemshwe kwanza, ndipo ioshwe. Mara za kwanza chupa nyingi zitaharibika, na hilo ni somo lenyewe.

Mche ukitoka chupani uoshwe chakula chote, upandwe kwa udongo uliochemshwa, ufunikwe na plastiki, na uzoeshwe hewa polepole kwa wiki 2 hivi. Majani yake bado ni laini. Jua la ghafla linaua.

Kile chupa haiwezi

Javeli inasafisha ngozi tu. Virusi iliyo ndani ya mmea inaingia chupani na inazaliana pamoja nao: mmea mmoja mgonjwa unakuwa 625 wagonjwa. Kwa hiyo mmea mama lazima uwe mzima. Kwa viazi vya kizungu, shina likatwe na litumbukizwe ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikishuka, ni bakteria, shamba hilo lisitolewe mbegu. Lakini virusi haionekani kwa glasi. Inaomba kipimo cha maabara. Ituri ina kituo cha utafiti cha INERA kule Nioka, teritware ya Mahagi, mahali pa kuuliza kwanza. Na mche safi si mche wenye kinga: ukipandwa karibu na mgomba mgonjwa, utaugua.

Kwa migomba yenyewe, kuna njia rahisi iliyoendelezwa na watafiti wa CARBAP, Cameroun, inayoitwa PIF: chipukizi zima linamenywa, moyo wake unachanjwa, linafukiwa kwa pumba za mbao zilizochemshwa chini ya plastiki. Chipukizi moja linaweza kutoa miche zaidi ya 10. Nayo inafuata sheria ileile: chagua mama mzima, safisha wembe, na ujue mbegu imetoka wapi kabla ya kumpa jirani.