Kumegeana Neno

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jumuiya yetu imekaa barazani kwa jirani, wengine mkekani, wengine kwenye viti vya plastiki. Ni Kwaresima, na Injili ni ile ya mwanamke Msamaria kisimani. Imesomwa mara mbili, tumenyamaza kama utaratibu unavyotaka, kisha kiongozi akasema, "Haya, tushirikishane." Ukaja ukimya wa pili, ule wa kuona haya, kila mtu akitazama vidole vyake vya miguu. Mimi nikabaki na lile neno moja. Tushirikishane nini?

Shiriki limetoka Kiarabuni, na ukoo wake ni mkubwa: mshirika, shirika, ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wana chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa 1933. Wengi wao Jumapili huenda kupokea Ushirika Mtakatifu, neno lilelile. Jirani yangu Mwislamu naye hulisikia kwa uzito wake: kumshirikisha Mwenyezi Mungu, yaani kumpa mwenza, ni shirki, na hakuna dhambi iliyo kubwa zaidi. Uzito huo umenifungua macho. Kumshirikisha mtu ni kumtia ndani ya jambo ambalo wewe mwenyewe umo. Ukimpa mtu embe lako, umebaki mikono mitupu. Ukimshirikisha shamba, mnalima wote wawili.

Ndiyo maana napata shida na ujumbe wa simu unaoingia alfajiri, aya tatu za maonyo mema na picha ya mawaridi, juu yake pameandikwa "nimeona nikushirikishe". Aliyeutuma humwoni mle ndani. Huko ni kusambaza, na kusambaza ni kazi njema, hasa kwa mgonjwa aliyelala macho usiku kucha. Lakini kuna jina lake, na jina hilo si kushirikisha. Katika njia ya hatua saba ya kutafakari Injili, iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ambayo jumuiya nyingi ndogondogo hapa kwetu huifuata, kushirikishana ni hatua ya tano. Ya nne ni kunyamaza. Aliyepanga hivyo aliijua maana ya kitenzi hiki: husemi mpaka kwanza neno limekugusa wewe.

Lipo pia neno ushuhuda, na hili nalipenda kuliko yote. Ushuhuda na ushahidi wametoka tumbo moja, matumizi ndiyo yaliyowatenganisha: mmoja akaenda kanisani, mwingine mahakamani. Mtu akisimama ibadani akasema, "Nina ushahidi," masikio yangu husubiri kesi. Hata hivyo natamani ndugu hawa wawili wangetembeleana zaidi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania humtaka shahidi aseme alichokiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake. "Niliambiwa" kwa kawaida haipokelewi. Ni mara ngapi tumeketi kanisani tukisikiliza ushuhuda wa binamu ya rafiki wa mtu fulani, uliokwisha kunenepa njiani?

Wenzetu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, waliijua nidhamu hiyo. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Kwao kushuhudia kulikwenda pamoja na kutembea nuruni: unataja kosa lako mbele ya ndugu, na kama uliiba, unarudisha. Ushuhuda wao ulikuwa na kitu mkononi.

Na shahidi ni pia aliyeuawa kwa ajili ya imani. Tunasema Mashahidi wa Uganda, wale ambao Kabaka Mwanga aliwaua, wengi wao kwa moto, Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Siku hizi wengine hupendelea wafiadini. Ni neno zuri, ila linanieleza walivyokufa tu. Shahidi linanieleza kwamba waliona kitu.

Kwenye neno kuhubiri nisikawie, ingawa linanifurahisha kwamba ni la mzizi mmoja na habari. Kila asubuhi mtu anauliza, "Habari?" nasi tunajibu, "Njema." Habari njema ndiyo Injili, na tunaitamka kabla hata ya chai.

Nikitafuta neno la kwetu kabisa, la Kibantu, la jikoni, naliona kumega. Biblia ya Union Version ya 1952 inasema kuumega mkate inapoeleza maisha ya Wakristo wa kwanza, na wahubiri nao husema wanatumegea neno. Mtazame anayemega ugali. Mkono wake umo kwenye tonge analolila mwenyewe, moto anausikia kwenye vidole, na anachokukatia ni kidogo, cha kutosha kinywa kimoja. Watoto huambiana, "Nimegee," na hakuna anayetoa sinia zima.

Pale barazani, mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kusali tu, ndiye aliyevunja ukimya. Alisema bila kuinua macho: "Mimi sina mengi. Jumanne mabomba yalipokauka, jirani alikuja kuniomba maji. Nikamwambia yamekwisha. Na madumu yalikuwa nyuma ya mlango."

Akanyamaza. Hakuna aliyesema amina, tulimsubiri.

"Basi. Ni hilo."

Tulipotawanyika nilimwona akivuka njia kuelekea kwa yule jirani, dumu la lita 20 kichwani, mjukuu wake nyuma amebeba la lita 5, likimwagika kidogo kila hatua.