Supu ya Majani Machachu na Njia ya Wakimbizi



Mvua zinapoanza kuishika ardhi yetu ya Babati, mashamba ya Maisaka hufunikwa na majani ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Mchicha wa pori huota kando ya mahindi, mnavu hujitokeza karibu na mazizi, mgagani na mlenda huchipua pale ambapo jembe limepita. Mama mwenye umri mkubwa akiyaona huita mboga. Kijana wake akiyaona huita magugu, naye huenda dukani kuulizia dawa ya kuyaua. Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ya majani ya namna hiyo. Tutaanzia kwenye chungu kimoja cha mbali, kwa sababu watu waliokipika walifika kuishi katika nchi yetu, na baadhi yao waliishi Kondoa, jirani zetu wa kusini.

Huko Ulaya ya Kati na ya Mashariki, hasa Poland, kuna supu iitwayo zupa szczawiowa. Hupikwa kwa majani machachu ya mmea unaojulikana kule kwa jina la szczaw, ambao wataalamu wa mimea huuweka katika jamii ya Rumex. Majani hayo hayana ladha ya mchicha. Mtu akiyatafuna mabichi huhisi uchachu unaomkumbusha limau au ukwaju. Huchipua mapema mara tu theluji inapoyeyuka, kwenye malisho na kando ya njia, kabla bustani haijatoa chochote. Ndiyo maana supu hiyo ni chakula cha majira ya machipuko.

Namna ya kuipika ni rahisi. Majani huoshwa, vikonyo vigumu huondolewa, kisha hukatwakatwa na kukaangwa kidogo katika siagi. Kwa dakika chache tu hunywea na kubadilika rangi, kutoka kijani kibichi hadi kijani cha mzeituni, kwa kuwa uchachu wenyewe huivunja ile rangi ya kwanza. Hutiwa katika mchuzi uliochemka pamoja na viazi na karoti. Mwishoni huongezwa malai iliyochachuka, na juu yake huwekwa yai lililochemshwa na kukatwa vipande viwili. Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanayo pia. Huiita schav, na mara nyingi huinywa ikiwa baridi.

Ili tuelewe kwa nini supu hii ilipendwa kiasi hicho, tunapaswa kukumbuka maisha ya mkulima wa zamani katika nchi za baridi. Kwa miezi mingi alikula nafaka, viazi na kabichi iliyochachushwa katika mapipa. Kadiri majira ya baridi yalivyosonga mbele, ghala lilizidi kupungua na majani mabichi hayakuwapo. Hapo ndipo ugonjwa wa kiseyeye uliweza kuingia: fizi hutoka damu, meno hulegea, nguvu huisha. Majani machachu yana vitamini C, na watu waliyatumia kama dawa ya ugonjwa huo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua vitamini ni nini. Machipuko yalileta chakula na tiba kwa pamoja, tena bure, wakati ule ambao ghala lilikuwa tupu kuliko wakati wote.

Je, hali hiyo si sawa na ya kwetu? Mkulima wa Manyara anajua kwamba miezi ya mvua, kabla ya mahindi mapya kukomaa, ndiyo miezi ambayo gunia hufikia chini. Ni miezi hiyohiyo ambayo mlenda na mgagani hujaa shambani.

Kanisa nalo lilikutana na majani haya kwa njia ya mfungo. Kwaresima, katika nusu ya kaskazini ya dunia, huangukia mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa machipuko. Katika Zama za Kati mfungo uliondoa mezani nyama, na sehemu nyingi uliondoa hata mayai na maziwa, hivyo supu ya majani ilikuwa msaada mkubwa. Nchini Ujerumani Alhamisi Kuu huitwa kwa jina lenye maana ya Alhamisi ya Kijani. Wataalamu hawakubaliani kuhusu asili ya jina hilo, lakini desturi ya kula mboga za majani siku hiyo ni ya kale, na familia nyingi hupika supu ya majani ya machipuko. Nyuma zaidi ya hapo iko karamu ya Pasaka ya Waisraeli, ambayo Kitabu cha Kutoka kinaieleza: mwanakondoo, mikate isiyotiwa chachu, na mboga chungu. Watu waliokuwa wakitoka utumwani waliagizwa kula majani ya ladha kali katika usiku wao mkubwa kuliko yote, na wazao wao wakaendelea kufanya hivyo ili wasisahau.

Sasa tuwafuate wale wenye supu hiyo hadi kwetu. Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi, na siku chache baadaye na Urusi ya Kisovyeti kutoka mashariki. Tarehe 10 Februari 1940, katika baridi kali, Wasovyeti walianza kuzihamisha kwa nguvu familia za Kipoland. Ziliamshwa usiku, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, maeneo ya kaskazini ya Urusi na Kazakhstan. Mahamisho mengine yalifuata mwaka huohuo na mwaka 1941. Huko watu walifanyishwa kazi ngumu misituni na mashambani kwa mgawo mdogo wa mkate, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa.

Kumbukumbu walizoziacha walionusurika hurudia jambo moja: theluji ilipoyeyuka, akina mama na watoto walitoka kwenda kuchuma majani. Walichuma upupu wa Ulaya, ambao huwasha mikono lakini ukichemshwa huliwa, na mmea waliouita lebioda, ambao ni wa ukoo mmoja na mchicha wetu. Wakayachemsha majani hayo kwa maji, mara nyingi bila chumvi wala mafuta. Ilikuwa ni supu ileile ya bibi zao iliyovuliwa siagi, malai na yai, ikabaki majani na maji. Aliyeyajua majani alikuwa na kitu cha kuweka chunguni.

Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi, makubaliano ya tarehe 30 Julai 1941 yaliwafungulia Wapoland njia ya kuachiliwa. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivuka hadi Uajemi, nchi tunayoiita leo Irani. Kutoka huko, raia kati ya 18,000 na 20,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Nchini Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, chini ya mlima Meru, karibu na ziwa Duluti, iliyofikia watu wapatao 5,000. Kambi nyingine ndogo zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa hupita hapa Babati. Wazee wa bonde hili wanaweza kabisa kuwa walizaliwa miaka ile ambayo wageni hao waliishi kusini na kaskazini mwao.

Tengeru palijengwa nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi, kanisa, shule, hospitali na shamba. Watu ambao miaka miwili kabla walikuwa wakichuma majani kwenye theluji iliyoyeyuka sasa walilima udongo mwekundu wa Meru. Lakini si wote waliopona. Katika makaburi ya Tengeru, ambayo yanatunzwa hadi leo, wamelala karibu watu 150, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Mwaka 1949 Padre Lucjan Królikowski, Mfransisko ambaye naye alipitia Siberia, aliondoka na watoto yatima wapatao 150 kuwapeleka Kanada. Wengine walitawanyika kwenda Uingereza, Australia na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilifungwa. Padre Królikowski alifariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 100.

Historia ya mahali pale haikuishia hapo. Mwaka 1992 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga, inayojulikana leo kama World Vegetable Center, ilianzisha kituo chake cha Afrika Tengeru, katika eneo hilohilo la Duluti. Humo huhifadhiwa mbegu za mboga za asili za Afrika: mchicha, mnavu, mgagani na nyinginezo. Wataalamu wa taasisi hiyo walishiriki pia katika mradi wa Africa RISING, ulioanza mwaka 2012 na kufanya kazi katika vijiji vya Wilaya ya Babati. Majani ambayo vijana wetu huyaita magugu yana wasomi wanaoyahifadhi katika vyumba vya baridi, kwa hofu kwamba siku moja hayataonekana tena mashambani.

Hofu hiyo ina msingi. Tangu enzi za ukoloni tulifundishwa kuheshimu kabeji na spinachi kama mboga za watu walioendelea, na za kwetu tukaziita mboga za njaa. Hata leo zipo nyumba ambazo mgeni akija, mlenda huondolewa mezani kwa aibu. Ndugu zetu wa Ugogo hawajasahau njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, na taifa zima lilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula katika miaka ya 1973 hadi 1975. Katika nyakati kama hizo mboga za pori hulisha familia. Sasa dawa za kuua magugu huzimaliza katika msimu mmoja, na pamoja nazo hupotea elimu ya kuzitambua, kwa kuwa mtoto hawezi kujifunza jani ambalo hajawahi kuliona.

Elimu hiyo si jambo dogo. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, kinasimulia juu ya wakati wa njaa huko Gilgali, wakati wanafunzi wa nabii Elisha walipopikiwa supu. Mmoja wao alikwenda shambani kutafuta mboga, akakuta mmea wa mwitu unaotambaa, akajaza nguo yake matunda yake na kuyakatia chunguni bila kuyajua. Walipoonja walitambua kwamba ndani ya chungu mlikuwa na kifo, na kama nabii asingekuwapo wangeangamia. Njaa iliwatoa nje kwenda porini, lakini haikuwafundisha kipi kinaliwa na kipi kinaua. Mafundisho hayo hutolewa wakati wa shibe, na mtu anayejua, kwa mtu asiyejua.

Kwa wale watakaopenda kujaribu supu yenyewe, uchachu haukosekani kwetu. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki hukua ndugu wa szczaw, ambaye wanabotania walimwita Rumex usambarensis kwa heshima ya milima ya Usambara. Lakini ulio rahisi kupata ni mmea wa choya, ule ambao maua yake hutengenezwa kinywaji chekundu. Majani yake machanga ni machachu na huliwa. Chukua fungu moja la majani hayo na mafungu mawili ya mchicha, yakaange kidogo na kitunguu, yatie katika mchuzi wenye viazi, kisha uipue na kuongeza maziwa mgando yaliyokorogwa vizuri, ukiyatia kidogo kidogo ili yasikatike. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua, kwa maana uchachu hula aluminiamu na kuharibu ladha. Maziwa hupunguza ukali, kama akina mama wa Meru na Kilimanjaro wanavyojua wanapoyatia katika mnavu. Mwenye historia ya mawe katika figo aulize kwanza kwa mganga, kwa sababu majani machachu ya jamii ya szczaw yana asidi isiyomfaa.

Ninayo ombi moja kwa familia za Maisaka. Msimu huu, kabla dawa haijapulizwa, bibi na wajukuu waingie shambani pamoja kwa nusu saa. Bibi ataje jina la kila jani kwa lugha yake, Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe, Kirangi au nyingine, aseme lipi huliwa, huliwa na nini, na lipi liachwe. Na pembe moja ya shamba iachwe bila dawa, ili mwakani kuwe na kitu cha kuonyesha.



Paroko wenu.