Lamalera: Kijiji cha Fungu

Pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata, nchini Indonesia, kipo kijiji cha Lamalera, kilichojengwa juu ya mawe yasiyoota mahindi. Shamba lake ni bahari. Chombo chao, téna, mataruma yake hufungwa kwa kamba, na tanga lake la asili husukwa kwa ukili, kama la mtepe wetu wa zamani. Mpiga chusa huruka kutoka omoni, akamtia nyangumi chusa kwa uzito wa mwili wake.

Nyama hugawanywa kwa mafungu ya urithi: mabaharia, wenye chombo, seremala, mhunzi. Wanawake huikausha, wakaipandisha mlimani kubadilishana na mahindi. Mnamo 1973 Umoja wa Mataifa ulileta mtaalamu kutoka Norwei kufundisha uwindaji wa kisasa. Mradi haukudumu, fungu limedumu.